Mombasa hadi Dar kwa gari la nyumbani: wapi pa kusimama, wapi pa kupita tu

#1 BabaKisauni

Assalam aleikum wana jukwaa. Msimu wa harusi na likizo unakaribia, na kila siku naona maswali ya "barabara ya Dar ikoje?" na "tutafika saa ngapi?" Swali ninaloliona kubwa kuliko yote haliulizwi: mtasimama wapi? Mtu anapeleka gari gereji, anabadilisha oili, anajaza tangi, halafu vituo anaiachia njaa imchagulie. Barabara yenyewe haina shida, lami ni moja kutoka Likoni mpaka Dar. Shida ni mtu aliyeko nyuma ya usukani na saa anazokaa pale bila kushuka.

Msimamo wangu ni huu: kituo kichaguliwe kwa ajili ya dereva kwanza, na kichaguliwe nyumbani kabla gari halijawashwa. Abiria akichoka atalala na hakuna litakaloharibika. Dereva kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa anakwenda mita 28 hivi kila sekunde. Akipitiwa na usingizi sekunde nne tu, gari limeshakwenda zaidi ya mita 110 peke yake, tena kwenye barabara ya njia mbili yenye matrela yanayokuja mbele. Na dereva mwenyewe huwa hajui kwamba alipitiwa.

Masafa, kwa makadirio ya kupangia: Likoni hadi mpakani Lunga Lunga ni kilomita 100 na kidogo. Mpakani hadi Tanga 65 hivi. Tanga hadi Segera 70 na kidogo. Segera hadi Chalinze 170 hivi. Chalinze hadi Dar zaidi ya 100. Jumla ni zaidi ya kilomita 500. Kwenye karatasi ni safari ya saa saba. Kwa matuta, vibao vya 50, mpaka na foleni ya kuingilia Dar, ni safari ya kutwa, kwa hiyo ipangie kutwa.

Kutoka Mombasa. Aliye kisiwani bado Likoni ni karibu, ila awe feri mapema kabla ya watu wa kazini. Aliye Changamwe, Miritini, Mikindani, au anayetoka Nairobi moja kwa moja, apite Dongo Kundu atokee Kibundani, feri asiione. Mimi wa Kisauni huenda feri alfajiri, baada ya swala, maana saa hiyo Nyali Bridge haijafunga.

Upande wetu. Kombani na Ukunda ni karibu mno kusimama, hujachoka bado, na Ukunda penyewe ni bodaboda, matatu na watu wa sokoni kila upande. Pita taratibu. Kituo cha kwanza nakiweka Msambweni au mbele kidogo, kabla ya njia panda ya Shimoni. Hapo umeendesha saa moja na zaidi, jua limechomoza, na kifungua kinywa ulichobeba kina maana. Mahamri na mbaazi za nyumbani ndizo bora, hujui mpaka utakuweka muda gani. Hapo hapo hesabu karatasi zote mkiwa mmekaa, si mkiwa dirishani kwa afisa.

Mpakani. Hili nalisisitiza: mpaka si mapumziko. Gari limesimama, ndiyo, lakini dereva amesimama zaidi: foleni ya uhamiaji, forodha, karatasi za gari, bima. Kituo ni cha pamoja, ukielekea kusini unapita upande wa Kenya na kila kitu unakimalizia Horohoro, muhuri wa kutoka na wa kuingia jengo moja. Hata hivyo ukitoka pale kichwa kimechoka kuliko ulivyoingia. Watu wengi wakishapewa muhuri hukanyaga mafuta kufidia muda, na hapo ndipo tochi, yaani vipima mwendo, za trafiki wa Tanzania zinawakuta.

Tanga. Hiki ndicho kituo kikuu cha safari nzima, nusu saa mpaka dakika 45, mtu ashuke kweli. Si lazima uingie mjini. Upande wa Kange, kwenye barabara ya Segera, kuna stendi ya mabasi na kila kitu kinachohitajika karibu.

Segera hadi Chalinze. Hapa ndipo pa hatari. Umeshakula, jua ni la saa nane, barabara ni ndefu, na mwili wa binadamu una usingizi wake wa mchana hata kama ulilala usiku mzima. Msiingie kipande hiki na shibe ya Segera. Kula Tanga, Segera pita, halafu simama Mkata dereva alale dakika 20. Baada ya hapo kuna daraja la Wami, halafu Msata, na Msata ndipo unapoamua njia ya kuingilia Dar.

Mnaoijua njia ongezeni. Nataka uzi huu mtu ausome usiku kabla ya safari na asubuhi aondoke amejipanga.

---

#2 UmmSalma_Likoni

Wa aleikum salaam. Kaka umeeleza vizuri ila umeandika kama mwanamume. Choo hujakitaja hata mara moja!

Kwa sisi akina mama na watoto, choo ndicho kinachochagua kituo. Dada zangu, haya ndiyo ninayoyaangalia kabla sijawashusha watoto. Nashuka mimi kwanza, peke yangu, naenda kutazama. Kuna maji au kuna ndoo tupu? Mlango una komeo ndani? Choo kiko karibu na watu, au kiko nyuma ya jengo ambako mtu hakuoni? Kikiwa nyuma kabisa na hakuna mwanamke yeyote anayefanya kazi pale, narudi garini twende mbele. Mahali penye mama anayepokea pesa ya choo mlangoni huwa pasafi kuliko pa bure, maana yule ni kazi yake na anapiga deki kutwa. Ile pesa ndogo msiione nzito.

Beba kopo lako, sabuni, na kanga mbili za ziada. Kanga ni pazia, ni shuka, ni taulo, ni ya kumfunika mtoto akilala. Mtoto anayetapika garini asipewe maziwa asubuhi, akae katikati aone mbele, na asitazame simu. Na mifuko ya plastiki ya kubebea acheni nyumbani. Kwetu ilipigwa marufuku 2017, Tanzania 2019, na mpakani wanaiuliza. Vyakula vyangu naweka kwenye kikapu cha ukili na vibakuli vyenye vifuniko.

---

#3 BabaKisauni

Ummu Salma, shukran sana. Haya ndiyo niliyoyataka. Nitakuwa nayasoma kwa sauti nyumbani.

---

#4 TrelaChangamwe

Mimi naendesha lori njia hii na nyingine. Nina mambo ya kuwaambia wenye magari madogo.

Kwanza, msichague hoteli kwa kuona mabasi yamejaa nje. Abiria wa basi hawakuchagua, walipelekwa. Madereva wengi wa mabasi na makondakta wao hula bure pale wanapopeleka abiria, ndiyo maana basi halipiti. Chakula kinaweza kuwa kizuri, kinaweza kuwa cha jana. Tazameni wanapokula watu wanaotoa pesa yao mfukoni na watakaorudi wiki ijayo: madereva wa malori, mafundi wa pancha, wenye bodaboda wa pale pale. Na mkikaa, agizeni kinachotoka jikoni moto mkikiona. Supu inayochemka na chapati inayotoka kwenye chuma haiwezi kukudanganya. Wali uliofunikwa tangu asubuhi na samaki wa kukaangwa aliyepoa kwenye kabati la kioo, achaneni navyo.

Pili, kituo kiwe mkono wa kushoto. Mnakwenda kusini, mnaendesha kushoto, basi simameni kushoto. Kukata barabara kuingia upande wa kulia, na kukata tena kutoka, ni kujiweka mara mbili mbele ya gari linaloshuka na mzigo. Lori lililojaa halisimami pale unapotaka wewe. Na msichague mahali palipo baada tu ya kona au juu ya kilima, hata pawe na kivuli kizuri vipi.

Tatu, majani. Mkiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, halafu jingine mbele, halafu jingine, mjue kuna lori limeharibika mbele, mara nyingi hapo hapo kwenye njia yenu. Punguzeni toka tawi la kwanza. Usiku matawi hayo huyaoni mpaka uko juu yake, na ndiyo sababu mimi namwambia kila mtu mwenye familia: giza likuingilie ukiwa umefika au umelala, si katikati ya Mkata na Msata.

Nne, mkiwa nyuma yangu na nikawasha indiketa ya kulia bila kupinda, nawaambia msipite, kuna gari linakuja. Nikiwasha ya kushoto nawaambia njia iko wazi. Lakini macho ni yenu. Usipite kwa sababu ya taa yangu peke yake.

---

#5 Kijana_Bamburi

Nawaheshimu wakubwa, lakini naona mnaifanya safari iwe nzito. Mimi na marafiki tunatoka Mombasa, tunasimama mpakani kwa lazima, tunajaza mafuta Tanga, kutoka hapo ni Dar moja kwa moja. Tukisimama kila mahali tutafika usiku, na mwenyewe TrelaChangamwe anasema usiku mbaya. Si bora kuwahi?

---

#6 BabaKisauni

Kijana wangu, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa hesabu.

Vituo ninavyovitaja vya kweli ni vitatu tu ukitoa mpaka: Msambweni, Tanga, Mkata. Vikijumlishwa havifiki saa mbili. Ukiviacha vyote umeokoa muda huo, na umeingia Segera ukiwa umekaa kitini tangu Horohoro. Ushauri wa usalama barabarani unaojulikana ni kupumzika kila baada ya saa mbili hivi za kuendesha. Kutoka Tanga mpaka Dar ni kilomita 350 hivi, na kwa vibao vya vijijini hutazimaliza kwa saa nne. Kwa hiyo unajipa mara mbili na zaidi ya muda ambao mwili unavumilia, tena mchana wa joto.

Muda wa kufidia upo asubuhi. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ana vituo vyake vyote na anafika Dar kwenye mwanga. Anayetoka saa tatu kwa sababu nguo hazijapigwa pasi ndiye anayeiba muda kwenye usingizi wa dereva.

Na kama mko vijana wanne wenye leseni, mna bahati kubwa. Badilishaneni usukani kila kituo, hata kama wa kwanza anasema "niko sawa". Anayesema yuko sawa macho mekundu ndiye wa kuhamishiwa kiti cha nyuma.

---

#7 Mtanga_Kindakindaki

Wakuu wa Mombasa, karibuni sana Tanga! Nimefurahi kuona mtu anatuita kituo kikuu, wengi wanatupita kama vile hatupo.

Ngoja niwaeleze upande wetu. Mkitoka Horohoro mtapita Duga Maforoni, halafu vijiji vya wilaya ya Mkinga. Barabara ni nzuri na magari si mengi, na hapo ndipo mguu unapojisahau. Heshimuni kibao cha 50 tangu kinapoanza mpaka mkione kibao kinachokifuta, hata kama kijiji kina nyumba tatu. Na kivuko cha waenda kwa miguu, ile michoro ya pundamilia, mtu akiweka mguu tu, simama kabisa. Si kupunguza, ni kusimama. Wageni wengi wanaandikiwa faini hapo.

Kabla ya kuingia mjini, kilomita chache kutoka Tanga, kuna Mapango ya Amboni. Mapango ya mawe ya chokaa, mna giza, mna popo, na waongozaji wapo. Mwenye watoto na muda wa kutosha nampendekezea. Mwenye haraka aende Kange, ale, apumzike.

Anayetaka kuona bahari aende Raskazone, kuna upepo na sehemu za kukaa. Lakini mjini ukiingia utatumia saa nzima, ujue.

Muheza ni machungwa. Katika msimu yanapangwa kwenye matenga na ndoo kando ya barabara, na bei ni ya shambani. Nunueni kwenye vibanda vilivyoingia ndani, gari likiwa nje kabisa ya lami. Msinunue dirishani huku mmesimama ukingoni, maana vijana wanakimbilia magari na nyuma yenu kuna basi linakuja. Chungwa ni zuri kuliko soda kwa dereva, linampa maji na mkono unapata kazi ya kumenya mkiwa mmesimama. Muheza pia ndiyo njia ya kwenda Amani, milima ya Usambara Mashariki, kama mna siku ya ziada.

Segera mnakuta njia panda: kulia Korogwe, Moshi na Arusha, kushoto Dar. Pale pana kelele, mabasi ya kaskazini yote yanapita. Nakubaliana na BabaKisauni, kama mmeshakula Tanga, piteni.

---

#8 Nesi_Mtongwe

Niongezee upande wa afya. Mnaosafiri na wazee, hasa wenye sukari na presha, msingoje saa mbili. Mzee akikaa kitini muda mrefu miguu inavimba, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kila saa moja na nusu ashuke, atembee hata dakika tano, na garini azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji. Najua wazee wetu hukataa maji safarini ili wasisumbue watu kwa choo. Waambieni kabla ya safari kwamba vituo vimeshapangwa, mtaona wananywa bila kuhimizwa.

Dawa ya sukari iende na saa yake ya kawaida na chakula chake, msiseme "tutakula Dar". Insulini msiiache garini kwenye jua. Weka kwenye kikapu chenye barafu, lakini isigusane na barafu yenyewe.

Kwa dereva: kahawa huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi. Kwa hiyo kunywa kahawa kwanza, halafu ndipo ulale zile dakika 20. Unaamka nayo imeshaingia. Kulala saa nzima kunaweza kukuamsha na uzito wa kichwa, basi tega simu. Na ukilala garini zima injini, shusha vioo kidogo, egesha kivulini. Injini ikinguruma gari likiwa limefungwa, hewa ya sumu inaweza kuingia ndani na haina harufu ya kukuonya.

---

#9 UmmSalma_Likoni

Mungu akubariki nesi. Mama yangu ni huyo huyo wa kukataa maji!

Swali: mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Tufululize au tulale njiani?

---

#10 Nesi_Mtongwe

Laleni Tanga. Mpakani peke yake kutamchosha. Mtafika Tanga mchana, atanyoosha mgongo kitandani, jioni atapata upepo wa bahari, na asubuhi mna safari ya kilomita 350 badala ya 500. Tafuteni chumba cha chini, kisicho na ngazi, na choo ndani.

---

#11 BabaKisauni

Naunga mkono kulala Tanga kwa mwenye mzee au mtoto mchanga. Na hata dereva peke yake asione haya.

Kuna jambo la kituo ambalo halijasemwa: nini dereva afanye akishuka. Wengi hushuka wakaingia moja kwa moja kwenye kiti cha hoteli. Mimi nazunguka gari kwanza. Napeleka mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu, pale katikati, bila kugusa chuma. Manne yakiwa na joto linalofanana, sawa. Moja likiwa linafuka kuliko mengine, breki inashika au upepo umepungua, na afadhali ulijue Tanga penye mafundi kuliko ulijue Wami. Natazama chini ya injini kama kuna tone jipya. Rejeta sifungui ikiwa na moto, maji yale hutoka kwa nguvu na kuunguza uso. Upepo wa matairi naupima alfajiri nyumbani yakiwa baridi, maana yakishapata moto kipimo hudanganya.

Na kivuli: msiegeshe chini ya mnazi. Watu wa bara hawajui hili, ila na sisi wa pwani tunasahau tukiwa na joto. Nazi moja kwenye kioo cha mbele na safari imeisha. Mwembe katika msimu wake pia nauogopa. Mkwaju au mwarobaini ndiyo miti ya kuegeshea. Ingia kwa kurudi nyuma, pua ya gari itazame barabara, ili ukitoka uone kinachokuja.

---

#12 Mwalimu_Tudor

Karatasi, kwa ufupi, maana swali hili litakuja tu. Pasipoti kwa kila mtu, na watoto wawe na hati zao. Kitabu cha gari cha asili. Gari likiwa la mwingine, au kitabu kikiwa bado benki, barua ya ruhusa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bima ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua, na ni rahisi kuikata kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Angalieni msichanganye, zote mbili watu huziita kadi ya njano: moja ni ya gari, moja ni ya mwili. Pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapita muda, trafiki wa kule wanauliza. Pesa badilisheni dukani au benki, si kwa kijana anayekimbilia dirisha la gari.

Tena niseme la swala. Tunaosafiri tunaruhusiwa kukusanya adhuhuri na alasiri na kupunguza. Kwa hiyo kituo cha Tanga kinaweza kubeba swala zote mbili, na msikiti wenye maji ya udhu, choo na kivuli ndio kituo bora kuliko vingi vya biashara. Misikiti ya barabarani kutoka Tanga mpaka Chalinze ipo mingi. Ukiswali, acha kitu kwenye sanduku la msikiti, maji yale yanalipiwa na mtu.

---

#13 Kijana_Bamburi

Nimesoma yote. Nimewaonyesha wenzangu, tumekubaliana tutabadilishana usukani Msambweni, Tanga na Mkata. Swali langu: hii njia ya Pangani kupita Saadani hadi Bagamoyo, si fupi zaidi? Na ina bahari.

---

#14 Mtanga_Kindakindaki

Mkuu, njia hiyo inajengwa kwa lami vipande vipande, na daraja la mto Pangani nalo limo katika mradi huo huo. Hali yake inabadilika, kwa hiyo ukifika Tanga muulize dereva aliyetoka huko wiki hiyo hiyo. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, palipo na udongo panashika gari dogo. Na kwa mada ya uzi huu, kumbuka vituo kule ni vichache, mafuta jaza Tanga. Mimi kwa safari ya kwanza ningekupeleka Segera.

---

#15 TrelaChangamwe

Mkata ni sahihi kwa kulala. Kabuku pia pana nafasi. Ukishapita Manga kuna sehemu ndefu ambazo hutapenda kusimama.

Wami msiogope tena. Daraja la zamani, lile la 1959, lilikuwa jembamba, gari moja kwa wakati, na mteremko wake uliua watu wengi. Jipya lilianza kupitika 2022, pana. Ila ukiwa na mzigo mzito bado shuka kwa gia, usikalie breki. Na usisimame pale kupiga picha.

---

#16 UmmSalma_Likoni

La mwisho kwangu: Msata tuamueje? Mume wangu anapenda Chalinze kwa sababu ndiyo njia anayoijua.

---

#17 BabaKisauni

Inategemea mnakwenda upande gani wa Dar na mmefika Msata saa ngapi.

Wenyeji wenu wakiwa Tegeta, Mbezi Beach, Mwenge, Mikocheni, pindeni kushoto Msata mpite Bagamoyo. Ni kilomita 64 za lami, malori ni machache, na mnaingia Dar kwa barabara ya Bagamoyo. Wakiwa Kimara, Ubungo, Mbezi ya Kimara, endeleeni Chalinze, Mlandizi, Kibaha. Hapo mtakutana na malori yote ya Morogoro, Zambia na Kongo, na mwendo utakuwa wa polepole mpaka Kibaha, kisha njia nane za Kibaha hadi Kimara zinafungua.

Mkifika Msata baada ya saa kumi jioni, na mama yuko garini, chukueni Bagamoyo vyovyote iwavyo, na mkiona giza linawakuta laleni huko huko. Kuna nyumba za wageni za kila aina na samaki wa jioni hiyo. Asubuhi Dar ni mwendo mfupi. Mwambie mume wako anipigie ujumbe wa faragha nimweleze mizunguko ya Msata, kibao cha Bagamoyo kiko wazi, hatapotea.